Dakika 20 za Ijumaa

Shemeji yangu aligongwa ubavuni Ijumaa usiku. Yeye akachukuliwa na gari la wagonjwa, gari lake likabaki katikati ya njia linamwaga oili. Trafiki wakafanya kazi yao: wakapiga simu, gari la kuvuta likaja, likalibeba mgongoni na kuondoka nalo. Hapo sina ugomvi na mtu. Njia ilikuwa imeziba, na mwenye gari alikuwa kwenye machela, hata angeulizwa alipeleke wapi asingejibu.

Jumatatu asubuhi nikaenda mimi yadini, kule magari yaliyovutwa yanakotunzwa, mwenyewe bado amefungwa shingo. Dirisha la keshia lilikuwa na nondo, na kitundu cha kupitishia pesa kiko usawa wa kiuno, kwa hiyo unaongea umeinama kama mtu anayeomba radhi. Dada aliyekuwa ndani akatazama karatasi, akasema, "Siku nne."

Nikamwambia, dada yangu, gari limeingia Ijumaa saa tano na dakika arobaini usiku, imeandikwa hapo hapo kwenye karatasi yako. Leo ni Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi.

"Ijumaa ni siku," akanijibu, wala hakuwa na ubaya wowote.

Basi dakika 20 za Ijumaa zikawa siku nzima. Jumamosi walikuwa wamefunga saa sita mchana, Jumapili hawakufungua kabisa, na zote mbili zikahesabiwa. Halafu Jumatatu yenyewe sikuondoka na kitu, maana yadi ilitaka barua ya polisi ya kuliachia gari, na afande anayesaini barua hizo alikuwa zamu ya usiku. Nikarudi Jumanne. Siku ya tano.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa sheria ndogo za miji kuhusu kuvuta magari, kazi ambayo sikuitarajia maishani. Nilichogundua ni kwamba karibu wote tunapigia kelele pasipostahili. Watu hulalamikia ada ya kuvuta, na halmashauri zikitaka kuonekana zinawajali wananchi hupunguza ada hiyo hiyo. Ada ya kuvuta unalipa mara moja, ukishailipa imekwisha. Ada ya yadi inaongezeka ukiwa umelala. Inaongezeka ukiwa wodini, na inaongezeka pia ukiwa umesimama mbele ya geti lililofungwa. Mimi nasema mji ukiwa na nguvu ya kusimamia jambo moja tu katika biashara hii, usimamie saa ya yadi: inaanza kuhesabu lini, inasimama lini, na nani anaibeba hasara pale ambapo kuchelewa si kosa la mwenye gari.

Kwanza tukubaliane kwa nini mji uingilie hata kidogo. Gari likinifia njiani, nikapiga simu kwa wavutaji watatu na kupatana na mmoja, hilo ni soko, serikali ikae pembeni. Polisi wakiita wao, mambo yanageuka. Anayeagiza halipi, anayelipa hakuagiza, na mvutaji anawafahamu wote wawili. Marekani, nchi inayopenda kuliachia soko karibu kila kitu, ililikubali hili kwa maandishi. Mwaka 1994 bunge lake lilikataza majimbo na miji kupangia wasafirishaji wa mizigo barabarani bei, njia na huduma zao. Mwaka uliofuata likarudi kuongeza kifungu: bei ya kuvuta gari bila ridhaa ya mwenyewe au dereva wake iko nje ya katazo hilo. Baadaye wavutaji wakaupeleka mji wa Columbus, Ohio, mahakamani, wakidai hauna mamlaka ya kuwawekea masharti ya usalama, kwa kuwa sheria ile, ilipoachia mamlaka ya usalama, ilitaja majimbo tu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 2002 majaji 7 dhidi ya 2 wakasema jimbo linaweza kuukabidhi mji wake mamlaka hayo.

Miji mingi inayotunga sheria za aina hii huanzia kwenye orodha ya zamu ya wavutaji, na huanza hapo kwa sababu nzuri. Pasipo orodha, magari ya kuvuta huvizia njia panda yakisikiliza redio za polisi, na ajali moja hufikiwa na mawili matatu, madereva wake wakigombania mzoga huku majeruhi amekaa kando ya barabara. Kwa orodha, askari hachagui. Anayefuata kwenye zamu ndiye anayeitwa, asipofika ndani ya dakika zilizowekwa anarukwa. Sheria hizo hutaka pia dereva aliyekaguliwa, bima, vifaa vinavyofaa, yadi yenye uzio. Mambo ya lazima, na mengi yanafanya kazi.

Lakini nafasi kwenye orodha ni mali, na penye mali pana wagombezi. Mwaka 2022 mjumbe wa baraza la jiji la Detroit alihukumiwa kifungo cha miaka 2 baada ya kukiri kwamba yeye na msaidizi wake walipokea rushwa ya zaidi ya dola 35,000, na jambo lililokuwa mbele ya baraza lilikuwa usimamizi wa uvutaji wa magari. Tunashtuka kusikia hivyo. Mimi hunishtua zaidi kile kilicho halali: miji inayojikatia fungu lake kwa kila gari linaloingia yadini. Baraza linalopanga bei likila kutoka kwenye bei hiyo hiyo, mwenye gari atalalamika kwa nani? Mji ukitaka kurudishiwa gharama za ukaguzi, sawa, uzipige hesabu uzitoze. Kinachozidi hapo ni kodi inayolipwa na waliogongwa.

Turudi kwenye saa.

England na Wales wana jedwali la serikali kuu kwa magari yanayoondolewa kwa amri ya polisi. Nililisoma kama mtu anayesoma menyu. Linatenganisha gari lililosimama kwa magurudumu yake na lililopinduka, lililo barabarani na lililotumbukia nje ya barabara, lori tupu na lenye mzigo. Mwaka 2008 liliweka pauni 150 kwa gari dogo lililo barabarani ambalo halijaharibika sana, na pauni 20 za kuhifadhi kwa kila saa 24 au sehemu yake. Mwaka 2023 ile ya kuvuta ilipanda hadi pauni 192. Unaweza kusema bei ni kubwa au ni ndogo. Mimi macho yangu yalisimama kwenye maneno "saa 24". Hawakuandika "siku". Ukihesabu saa 24 tangu gari liingie, lililoingia Ijumaa saa tano na dakika arobaini usiku linaanza saa 24 za pili Jumamosi usiku, saa ile ile. Zile dakika 20 zinabaki kuwa dakika 20. Neno moja tu kwenye sheria, na mchezo wa usiku wa manane unakufa.

Neno hilo hata hivyo halitibu wikendi. Hapa ndipo ningetaka halmashauri ziwe na ubishi. Saa isianze kuhesabu mpaka mwenye gari awe na uwezo wa kulichukua, maana yake geti liko wazi, ameshajulishwa gari liko wapi, na hakuna karatasi ya polisi inayolizuia. Yadi ikitaka kulipwa Jumapili, ifungue Jumapili. Na kama polisi wanalishikilia gari kwa uchunguzi wao, bili ya siku hizo wapelekewe polisi. Najua watakavyojibu: bajeti hairuhusu. Vizuri. Bajeti ikianza kuuma, yule afande anayesaini barua usiku tu atapatikana na mchana.

Kuna zuio lingine baya kuliko la uchunguzi, nalo ni zuio la adhabu. California ina sheria inayowaruhusu polisi kushikilia gari siku 30 likikutwa likiendeshwa na mtu ambaye leseni yake imesimamishwa. Mama mmoja wa Los Angeles alimwazima gari shemeji yake (mashemeji na magari, acha tu), kumbe leseni ya shemeji imesimamishwa. Baada ya siku tatu mama akajitokeza na uthibitisho kwamba gari ni lake, leseni yake mwenyewe ni halali, na yuko tayari kulipa kila kinachodaiwa. Wakamkatalia mpaka siku 30 ziishe. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema kulichukua gari barabarani ni jambo moja, kuendelea kulishikilia baada ya mwenyewe halali kufika ni jambo jingine linalohitaji sababu yake. Hukumu hiyo ilisimama kwenye katiba yao, ila mantiki yake haihitaji katiba ya mtu. Sababu ya kuvuta gari ikishaondoka, kinachobaki yadini ni bili.

Na bili hiyo humwangukia nani? Seattle, Oktoba 2016, polisi walivuta pikapu iliyokaa zaidi ya saa 72 kwenye eneo la mji. Mwenyewe alikuwa akiishi ndani yake, na zana zake za ufundi zilikuwa humo. Wakati inavutwa alikuwa kazini. Akarudi usiku hakukuta nyumba, hakukuta zana. Gharama zilifika dola 946.61, hakimu wa mji akazishusha hadi 547.12, zilipwe kidogo kidogo, dola 50 kwa mwezi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ikaamua kwamba malipo hayo yalikuwa faini, na ni faini iliyozidi kiasi kwa mtu wa hali yake. Napenda walivyokataa kujificha nyuma ya neno "gharama". Mtu akinyang'anywa kwa amri ya serikali kwa sababu amevunja sheria, kisha akaambiwa alipe ndipo arudishiwe, hiyo ni faini hata ikiandikwa kwenye risiti ya yadi.

Miwani ya shemeji ilikuwa juu ya dashibodi. Niliiona kwa macho yangu kupitia kioo, siku ile ya Jumatatu. Nikamwomba mlinzi anifungulie niichukue. Hakunifungulia, akasema kitu hakitoki mpaka kilipiwe. Yadi inadai gari, haidai miwani. Haidai dawa, wala kiti cha mtoto, wala begi la zana. Sheria ya mji inapaswa kulisema hili kwa sentensi moja isiyo na "isipokuwa", bila ada ya kufunguliwa mlango.

Sitaki nionekane kama nawaona wenye yadi wote ni wanyang'anyi. Simu ya saa nane usiku wanaipokea wao. Wao ndio wanaofagia vioo barabarani mvua ikinyesha. Wanapelekewa magari yaliyoungua ambayo hakuna atakayekuja kuyauliza, yanakalia nafasi miezi, na mnada wake haurudishi hata mafuta ya kulivutia. Hasara hiyo ni ya kweli, na huwa wanaifidia kwa anayekuja kulipa, yaani shemeji yangu. Ndiyo maana nasema mji uwalipe kwa mizoga. Kusafisha njia ni huduma ya umma kama kuzoa taka. Wakishalipwa kwa yale yasiyo na mwenyewe, hawatakuwa na kisingizio cha kumkamua mwenye lake.

Mnada wenyewe ni habari ndefu, niuguse tu. Gari la mtu mmoja wa New Hampshire lilivutwa kwenye maegesho ya nyumba alizopanga akiwa mgonjwa kitandani, na kampuni ikalitoa kwa mtu mwingine bila yeye kupata chochote. Ikajitetea kwamba ile sheria ya 1994 inamzuia kushtaki. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwa sauti moja: safari ilishakwisha, hayo ni mambo ya kuhifadhi na kuuza, si usafirishaji. Hapo hawakuitwa polisi, mwenye nyumba ndiye aliyeagiza. Ila linaonyesha wapi pesa ilipo. Kuvuta ni nusu saa. Kuhifadhi na kuuza ndiko biashara inakoishi, na huko ndiko sheria ndogo nyingi zinakosimama mlangoni.

Ningeongeza ukomo: ada ya yadi ikishafika sehemu fulani ya thamani ya gari, iwe imefika. Na yadi zilazimike kupokea malipo ya kadi, kama California inavyozitaka zinazotunza magari yaliyoondolewa kwa amri ya polisi zipokee kadi ya benki au taslimu. Foleni ya watu wanaokwenda kutafuta noti huku saa inakimbia niliiona, na hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na haraka.

Jumanne nilifika na barua yenye saini na muhuri. Keshia alikuwa yule yule, tukasalimiana kama watu wanaojuana. Nikalipa siku tano. Kabla sijaondoka nikamwomba aniandikie kwenye risiti saa ya gari kutoka, maana ilikuwa saa tatu kasoro robo asubuhi na nilitaka kumbukumbu. Akaigeuza fomu upande huu na upande ule, akanionyesha kupitia kitundu. Ilikuwa na kisanduku cha saa ya kuingia. Cha saa ya kutoka hakikuwepo.