Asilimia 80, na Bado Analia

Juzi tukiwa kwenye chumba cha wafanyakazi wa hoteli yetu hapa Uingereza, tukisubiri birika lichemke, mwenzangu mmoja Mwingereza alianza kusimulia jinsi korona ilivyomtesa. Nikatega sikio, nikidhani atataja msiba. Kumbe mateso yenyewe ni kwamba serikali ilimlipa asilimia 80 tu ya mshahara wake akiwa amekaa nyumbani, na zile 20 zilizobaki mwajiri alikataa kumjazia. Alilisema kwa uchungu wa mtu aliyevunjiwa nyumba usiku.

Nilinyamaza kwa adabu. Lakini roho haijatulia tangu siku hiyo, kwa hivyo nawaletea nyinyi wenzangu wa Pwani ya Kenya, hasa mliowahi kuvaa sare ya hoteli, kutoka Watamu mpaka Diani.

Kwanza nieleze pesa zenyewe. Tarehe 20 Machi 2020 waziri wa fedha wa hapa wa wakati huo, Rishi Sunak, alitangaza kwamba serikali italipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa kwa sababu ya korona, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Kabla ya Aprili kuisha, pesa zilikuwa zimeanza kutoka, na ziliendelea mpaka mwisho wa Septemba 2021. Ajira zaidi ya milioni 11 zilipitia humo. Yangu ilikuwa mojawapo, mimi mgeni, mwenye viza inayosema waziwazi kwamba sina haki ya msaada wa serikali. Nilipomuuliza msimamizi kama nami nimo, alinijibu kwamba kisheria huo hauhesabiwi kuwa msaada, ni mshahara. Kila mwisho wa mwezi karatasi ya malipo ilikuja kama kawaida, kodi imekatwa, pensheni imekatwa, kana kwamba nimesugua mabafu ya wageni mwezi mzima.

Kwetu mnakumbuka wenyewe, sina haja ya kuwasimulia Likoni ilivyokuwa Aprili ile. Binamu yangu, weita wa miaka mingi Diani, alipewa barua ya likizo bila malipo "mpaka hali itakapoimarika". Nusu ukurasa, muhuri juu ya sahihi, shukrani kwa uvumilivu wake, na tarehe ya kurudi hakuna. Naye alikuwa na bahati, maana alikuwa na mkataba. Vibarua waliambiwa habari na askari wa langoni.

Mwezi wa Mei Rais Uhuru Kenyatta akatoka na mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuinua uchumi. Utalii ukapata fungu lake. Bilioni 1 ya kuajiri maskauti 5,500 wa jamii chini ya KWS, shirika la wanyamapori, bilioni nyingine ya hifadhi 160 za jamii. Hapo sina neno, mnyama naye anataka mlinzi, na angalau skauti alipokea mshahara. Lakini tazama fungu la hoteli: bilioni 2 za mikopo nafuu, za kukarabati majengo na kuipanga biashara upya. Mikopo. Ya ukarabati. Hoteli haina mgeni hata wa dawa, unampa mwenye hoteli pesa za kupaka kuta rangi, na yule aliyekuwa akizifuta kuta hizo yuko Ukunda anakopa unga dukani.

Kuna atakayenikumbusha kwamba serikali iliwaondolea PAYE, kodi ya mshahara, wote waliokuwa wakipata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi. Ni kweli, na kwa mwalimu au karani aliyebaki kazini ilisaidia. Lakini binamu yangu angesamehewa kodi ya mshahara upi? Ukiwa kwenye likizo bila malipo, asilimia 100 ya msamaha ni sufuri. VAT nayo ikashushwa kutoka 16 hadi 14, na Januari 2021 ikarudi pale pale, wakati wageni wa nje bado walikuwa wa kuhesabika. Hapa VAT ya hoteli na mikahawa iliteremshwa kutoka 20 hadi 5 mwezi wa Julai 2020, ikapandishwa kidogokidogo, na haikufika 20 tena mpaka Aprili 2022.

Sasa nasikia mnavyoguna. "Huyu ameshakunywa maji ya Thames." "Uingereza ni tajiri, tena kwa mali yetu." Hilo la mali yetu sitabishana nanyi, mkinijia kwa historia nitawasaidia kuandika orodha. Lakini msinilishe maneno. Sikusema Kenya ingelipa asilimia 80. Mpango ule uliwagharimu Waingereza kama pauni bilioni 70, na hata wao walikopa. Hata asilimia 20 ingetushinda. Ninachobishania ni njia iliyopita pesa, hata kama ni kidogo. Hapa mwajiri hakuweza kuchukua senti bila kupeleka jina la mfanyakazi, nambari yake na mshahara wake, na watu wa kodi walikuwa tayari na majina hayo ya kulinganisha. Pesa ilipita kwa bosi ikiwa na jina la mtu.

Mtaniambia kwetu majina hayapo. Yapo! Kila aliye na mkataba yuko KRA kwa watu wa kodi, yuko NSSF kwenye akiba ya uzeeni, na wakati huo alikuwa NHIF kwenye bima ya afya, na hakuna mwezi hata mmoja walisahau kumkata. Nambari ya M-Pesa anayo hadi muuza madafu. Ajabu ni kwamba majina yetu huonekana wakati wa kukata, yakapotea wakati wa kutoa. Na kila hoteli hutoa asilimia 2 ya mapato yake kwa mfuko wa utalii, mwaka nenda mwaka rudi. Mfuko huo ni wa mafunzo, matangazo na majengo (watu wa Vipingo wanajua nazungumzia jengo gani, kile chuo cha utalii cha Ronald Ngala). Hivi haikuwezekana sehemu ndogo ya asilimia hizo iwekwe kando kwa ajili ya anayebeba sinia? Pwani tumeshaona msimu ukikatika kwa fujo za uchaguzi, tumeuona ukikatika kwa mabomu na kwa onyo la balozi. Korona haikuwa mara ya kwanza.

Wala msidhani nawaona hawa watu malaika. Agosti 2020 serikali hii hii iliwalipia watu nusu ya bili ya chakula, hadi pauni 10 kwa kichwa, Jumatatu mpaka Jumatano. Tulifanya kazi kama punda mwezi ule, barakoa zimelowa jasho, foleni mpaka nje, na hazina ikatumia karibu pauni milioni 850 kwa karamu hiyo. Novemba tukafungiwa tena. Aliyeajiriwa baada ya tarehe iliyowekwa aliambulia patupu, na wengi waliojiajiri vilevile. Halafu ufundi wenyewe wa kazi! Mgeni anafika na mizigo mitatu, mwenzangu anamwonyesha ngazi kwa kidole. Weita wa kwetu, anayemkumbuka mgeni kwa jina na kwa namna anavyopenda yai lake baada ya miaka miwili, akija hapa atawafundisha wote, meneja akiwemo. Ndiyo maana nakasirika. Tuna watu hodari kuliko hawa, na tunawaweka langoni kusubiri.

Kuna jambo moja huwa linanichekesha. Ile asilimia 80 yangu haikuishia hapa. Sehemu yake ilikwenda kwa M-Pesa hadi Ukunda, ikanunua unga na kulipa kodi ya nyumba ya binamu. Yaani mlipa kodi wa Uingereza ndiye aliyemwokoa weita wa Diani, bila wao wawili kujua. Na si mimi peke yangu: mwaka huo wa 2020 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 3, nyingi kuliko mwaka wa kabla, wakati dunia nzima imefungwa. Linganisha na ile mikopo ya rangi, kisha mniambie nani hasa alikuwa na mpango wa kuinua uchumi.

Wa mwisho, namjua, atauliza kwa nini nisirudi nikayasema haya huko huko. Nirudi kwa mkataba gani, kaka? Hoteli ile ile itanichukua kibarua cha miezi mitatu, inipumzishe wiki mbili, kisha iniandike upya nisije nikahesabika mfanyakazi wake. Wabadilishe hilo kwanza, tiketi nitajinunulia mwenyewe.