Sikuwa Ninaibusu Monita, Nilikuwa Ninaizuia Isianguke

Ndugu zangu, najua kwamba wengi wenu mmekwisha kuiona ile picha yangu nikiwa nimeikumbatia monita, yaani skrini ya kompyuta, katikati ya mkutano wa video, kwa sababu rafiki yangu mmoja wa kazini, ambaye simtaji kwa kuwa anapenda mno kutajwa, ameisambaza tangu juzi jioni kwa bidii ambayo sijapata kumwona nayo katika shughuli yoyote anayolipwa mshahara. Maelezo aliyoyaambatanisha na picha hiyo yana makosa matatu. La kwanza, sikuwa ninaibusu monita. La pili, nilikuwa nimevaa bukta, na kama picha ingepigwa sekunde chache kabla, mngeiona vizuri pamoja na bata wa manjano waliochorwa juu yake. La tatu, zile herufi zilizojaa kwenye skrini sikuziandika mimi. Ziliandikwa na kisigino changu.

Monita yangu ya zamani ilikuwa ya inchi 24, upana wake sentimita 53, na kila nilipofungua jedwali la hesabu za robo mwaka niliona hadi safu ya T, kisha ikanibidi kusogeza ukurasa kwenda kulia kuitafuta jumla, na nilipoifikia jumla nilikuwa nimesahau ni jumla ya nini. Mtu mwenye akili timamu angepunguza safu. Mimi niliamua kununua monita ya inchi 43.

Kwa wasiojua, inchi zinazoandikwa kwenye boksi si upana wa skrini, bali ni urefu wa mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Desturi hiyo tumeirithi kutoka kwenye televisheni za mwanzo, ambazo kioo chake kilikuwa cha mviringo na ukubwa wake ukatajwa kwa kipenyo. Kioo kikaja kuwa cha pembe nne, kipenyo kikageuka mshazari, na watu kama mimi tukapata mahali pa kujifanya wajuzi. Nilichukua kalamu nikakokotoa: inchi 43 mara 2.54 ni sentimita 109, na kwa skrini ya uwiano wa 16 kwa 9 upana wake unakuwa sentimita 95 na kimo chake kama 54. Meza yangu ina urefu wa sentimita 100. Nikatoa, zikabaki tano. Nikajipongeza kwa sauti, mbili na nusu kushoto, mbili na nusu kulia, kama jeneza lililochongwa na fundi asiyependa kupoteza mbao.

Wale ambao vidole vinawawasha kuniuliza kwa nini sikupima kwanza, naomba mvitulize. Nilipima. Nilipima mara tatu. Tatizo ni kwamba nilipima kutoka kushoto kwenda kulia tu, kana kwamba ninanunua pazia la dirisha. Upana wa meza, yaani ule unaoanzia tumboni mwako na kuishia ukutani, sikuugusa kabisa, na huo ndio unaoamua kila kitu. Meza yangu ina upana wa sentimita 50. Miguu ya monita ile ilizimeza 26.

Nilipoiwasha kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekaa sentimita zisizozidi 40 kutoka kwenye kioo, wakati nasaha ya kawaida ni kukaa umbali wa mkono ulionyooshwa, kati ya sentimita 50 na 100. Macho yalinitoka pima. Ili kusoma safu ya A niligeuza shingo kushoto, ili kuiona jumla niligeuza shingo kulia, na saa iliyokuwa kwenye kona ya chini sikuwahi kuiona mpaka niinuke. Ukingo wa juu wa skrini, ambao unapaswa kuwa sambamba na macho au chini yake kidogo, ulikuwa juu ya utosi wangu, hivyo kila nilipotaka kufungua menyu niliinua kidevu kama kifaranga anayesubiri kulishwa. Siku ya pili shingo iligoma kugeuka. Siku ya tatu nilipoitwa niligeuka mwili mzima, kama fisi.

Hapo ningekubali yaishe, lakini kiburi cha mtu aliyekwisha kujipongeza kwa sauti hakiponi haraka. Nikasoma mahali kwamba ukiitoa miguu ya monita na kuifunga monita yenyewe kwenye mkono wa gesi, ule unaobana ukingo wa nyuma wa meza na kuifanya monita ielee hewani, unarudishiwa nafasi yako yote. Nikaagiza mkono. Karatasi yake ilisema unabeba hadi kilo 9. Monita yangu, bila miguu, ilikuwa na kilo 11 na ushei. Nikajiambia kwamba watengenezaji huwa wanaweka akiba, kwa hiyo 9 ni namna ya kusema 12. Sahani ya mkono, ile inayofungwa kwa skrubu mgongoni mwa monita, ilikuwa na matundu ya mraba wa milimita 75 na wa milimita 100, na nyuma ya monita matundu yalikuwa ya milimita 200. Nikatafuta kibao cha chuma cha kuunganishia, nacho kikaongeza uzito wake. Kibano nikakikaza kwenye meza kwa nguvu zangu zote. Meza yenyewe, kwa taarifa yenu, si mbao. Ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kuvikwa karatasi yenye picha ya mbao, unene milimita 15.

Ikasimama. Naapa ilisimama. Nikasogeza kiti nyuma hadi macho yangu yakawa karibu mita moja kutoka kwenye kioo, nikapakata kibodi isiyo na waya mapajani, nikaacha kipanya mezani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaiona A hadi jumla bila kusogeza chochote. Nilifurahi usiku mzima. Shikeni vizuri habari hii ya kiti kusogezwa nyuma, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza.

Juzi saa nne asubuhi tulikuwa na mkutano wa video wa watu kumi, akiwemo mkuu wetu wa idara, mzee mmoja mtaratibu ambaye hajapata kupandisha sauti tangu nimjue. Nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi na tai. Chini nilivaa bukta, kwa hesabu kwamba kamera, ambayo nilikuwa nimeibana juu ya monita, inaishia kifuani. Zamu yangu ilipofika nikaonyesha skrini yangu kwa wote, nikasafisha koo, nikaanza kuzieleza hesabu za robo ya tatu.

Nilikuwa safu ya F nilipohisi kwamba jedwali linainama. Si kwa haraka. Liliinama kama mzee anayesinzia ibadani, kidogo, likasimama, kidogo tena. Nikadhani ni macho yangu. Kwenye kona ya skrini kulikuwa na kidirisha kinachoonyesha sura yangu, na nilipokitazama niliona kwamba paji langu la uso limekatika. Nikateremka kidogo kwenye kiti ili nirudi ndani ya picha, nikaendelea na safu ya G. Paji likakatika tena. Nikateremka tena. Rafiki yangu anasema kwamba kwa upande wao ilionekana kana kwamba ninazama katika maji huku nikisoma hesabu, na hapo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, amesema kweli.

Mkono wa gesi ulikuwa umeshindwa na mzigo. Monita ilikuwa inashuka na wakati huohuo inainamisha uso wake, na kamera iliyokuwa juu yake ilikuwa inainama nayo. Kwenye kidirisha niliiona safari yote kama mtu anayetazama msiba wa jirani: pua ikaondoka, kidevu kikaondoka, yakabaki tai na shati jeupe, kisha kifungo cha tatu, kisha cha nne, na kwa kuwa kiti kilikuwa nyuma, mbali na meza, hapakuwa na kitu cha kuyakinga mapaja yangu. Bata wa kwanza alitokea nikiwa safu ya K.

Nikajitia hamnazo. Nikasema, "Kama mnavyoona," na wote wakaona. Wakati huohuo nikasikia nyuma ya meza sauti ndogo, kavu, kama ya biskuti inayovunjwa na mtu asiyetaka wenzake wasikie. Ulikuwa ni ukingo wa meza unasagika chini ya kibano. Sikufikiri. Niliruka kutoka kwenye kiti nikaikumbatia monita kwa mikono yote miwili, shavu likiwa juu ya ukingo wake, jicho langu la kulia likiwa sentimita tatu mbele ya kamera. Kwa hiyo kile kinachoonekana katika picha yenu kama mdomo ni kope.

Sasa nifikirieni nilivyokuwa. Nikiachia mkono mmoja, monita inaanguka. Kipanya kiko mezani, nyuma ya kiwiko, hakifikiki. Kibodi iliyokuwa mapajani imedondoka sakafuni, nami, katika kutafuta mahali imara pa kusimama, nimeikanyaga kwa kisigino juu ya herufi A, na sijui kwamba nimeikanyaga. Jedwali bado linaonekana na watu tisa, na kishale kilikuwa kimesimama kwenye kisanduku cha jumla.

Kikapita kimya kirefu. Kisha mkuu wa idara, kwa upole wake uleule, akasema, "Ndugu mhasibu, naona hapa jumla ya robo ya tatu ni aaaaaaa. Hebu tufafanulie."

Nikajibu, "Kuna marekebisho kidogo, mzee."

Akasema, "Yanaongezeka."

Na kweli zilikuwa zinaongezeka, kwa maana kila nilipojikaza kuibeba monita ndivyo kisigino kilivyozidi kukandamiza. Hapo ndipo ujumbe wa rafiki yangu ulipojitokeza juu ya skrini, kwa herufi zilizokuwa kubwa vya kutosha kwa wote kusoma: "Kaka, mmeoana lini?" Nikasikia mtu akikohoa ambaye hakuwa na kikohozi. Mwingine akazima kamera yake. Wa tatu hakuwahi kuizima, nikamwona ameinamisha kichwa mezani na mabega yanatikisika.

Nilikaa hivyo dakika tatu. Mnaweza kuziona chache, lakini kamatieni kilo 11 kifuani huku mkiulizwa maswali ya kodi.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu wa miaka sita, aliyefungua mlango na kusimama akinitazama kwa huruma kubwa. "Mjomba, unalia?" Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejaribu kutosikika, "Mjomba, chomoa waya." Akachomoa wa taa. Nikamwambia, "Ule mwingine." Akachomoa wa monita, skrini ikawa nyeusi, nami nikashusha pumzi, nikailaza monita sakafuni na kusema yote yaliyokuwa moyoni mwangu kuhusu meza, kuhusu gesi, kuhusu robo ya tatu na kuhusu rafiki yangu pamoja na ukoo wake.

Monita ilikuwa imezimika. Kompyuta ilikuwa haijazimika. Kamera na kipaza sauti vimeunganishwa na kompyuta. Hayo nayaachia hapo.

Yaliyofuata ni mafupi. Niliomba radhi kwa maandishi. Mkuu alijibu kwa sentensi moja, kwamba hesabu zipelekwe kwake zikiwa zimechapwa. Ile monita ameichukua jamaa mmoja mwenye meza ya upana wa sentimita 80, huko inakaa kwa miguu yake na inafurahiwa, nami sina kinyongo nayo. Mimi nilikata boksi la monita ile nikapata kipande cha sentimita 60 kwa 34, vipimo vya skrini ya inchi 27, nikakiegemeza kwenye rundo la vitabu nikafanya kazi nikikitazama tangu jana asubuhi hadi leo mchana, nikihesabu umbali wa macho yangu na ukingo wake wa juu. Mpwa wangu aliuliza kama boksi nalo linaumwa. Nimeagiza ya inchi 27 yenye nukta 2560 kwa 1440, miguu yake inachukua sentimita 18, na hizo nimezipima kuelekea ukutani.

Kuhusu ile picha, rafiki yangu ameiweka kuwa sura ya kundi letu la kazini. Niliomba iondolewe. Likapendekezwa suala hilo liamuliwe kwa kura, na nikakubali, nikiamini kwamba angalau mzee atakuwa upande wangu. Matokeo yalikuwa tisa kwa moja, na aliyeyatangaza aliandika: "Jumla: aaaaaaa."