Master i Margarita: filamu imempata Bulgakov, imempoteza Pilato

Katika Master i Margarita, riwaya ya mwandishi Mrusi Mikhail Bulgakov, Shetani anaingia Moscow ya Stalin kwa jina la Woland na kuonyesha mazingaombwe kwenye ukumbi wa Variety. Noti zinanyesha kutoka darini, wanawake wanagawiwa magauni ya Paris bure, mshereheshaji anang'olewa kichwa kisha anarudishiwa. Mwishoni wapelelezi wanaandika kwamba lilikuwa genge la walaghai wenye kupumbaza watu akili. Msomaji anacheka, maana yeye kayaona yote.

Filamu ya Michael Lockshin, iliyotoka Urusi Januari 2024, imeipindua hadithi hiyo. Master, mhusika mkuu ambaye kitabuni ni mwandishi wa riwaya juu ya Pilato, amekuwa mwandishi wa tamthilia. Mchezo wake kuhusu Pontio Pilato unaondolewa jukwaani, wenzake wanamgeuka, chama cha waandishi kinamfukuza. Ndipo anapoanza kuandika riwaya ambamo Mjerumani aliyekutana naye anakuwa Shetani wa kumlipia kisasi. Mengi tunayoyaona, basi, yametoka kichwani mwake.

Wanaoitetea hawakosi hoja. Kufikia 1929 tamthilia zote za Bulgakov zilikuwa zimeondolewa majukwaani. Aliiandikia serikali, na Aprili 1930 Stalin mwenyewe akampigia simu. Akapewa kazi ya uongozaji msaidizi katika jumba la michezo ya kuigiza liitwalo Moscow Art Theatre. Mwaka 1936 mchezo wake juu ya Molière, uliofanyiwa mazoezi miaka na miaka, ulionyeshwa mara saba tu, Pravda, gazeti la Chama cha Kikomunisti, likaushambulia, ukazikwa. Kwa hiyo Lockshin hakubuni hewani: amemvisha Master maisha ya mwandishi wake, na sehemu hizo ndizo zenye damu kuliko zote.

Gharama yake imelipwa na kichekesho. Kitabuni Begemot, paka wa Woland, anadandia tramu na kutoa nauli. Kondakta anamfokea kwamba paka hawaruhusiwi. Kwamba paka ana hela mkononi, hilo halimshangazi hata kidogo. Utani wa namna hiyo unahitaji paka wa kweli. Ukishajua kuwa ni ndoto za Master, mgonjwa aliyefungiwa hospitali ya vichaa, kinachobaki ni huzuni, na mwigizaji August Diehl, Woland mtanashati kupindukia, hawezi kuuokoa peke yake.

Wengine watasema filamu ipimwe kwa wakati wake. Ilipigwa picha kabla ya vita vya Ukraine kupanuka 2022. Kampuni ya filamu ya Marekani, Universal, ikajitoa, Lockshin akaipinga vita, na ilipotoka mashabiki wa vita wakataka ashitakiwe. Hata hivyo iliingiza zaidi ya ruble bilioni 2. Watu walijaza kumbi kutazama habari za mchezo uliopigwa marufuku, na mimi siwashangai. Ila hayo yanaeleza foleni za tiketi, hayazibi mapengo ya filamu.

Pengo kubwa ni Pilato. Kitabuni ana sura nne, karibu riwaya ndani ya riwaya: mtawala anayejua kuwa Yeshua, yaani Yesu wa Bulgakov, hana hatia, akamwachia auawe kwa kuogopa cheo chake kisiguswe. Claes Bang anamwigiza vizuri katika dakika chache alizopewa. Kwa filamu ambayo kiini chake ni waandishi wanaomtosa mwenzao ili wabaki na nyumba na posho, huyo ndiye mhusika ambaye haikupaswa kumkata.