Taa wa Mjomba

Televisheni haikuwa yangu, na hapo ndipo paniumapo hadi leo. Niliiazima kwa shemeji Ngamiani, nikaifunga nyuma ya baiskeli hadi kwa mjomba, nimwonyeshe mchezo wa kompyuta niliotengeneza: pwani ya Raskazone, Tanga, mtumbwi, na mvuvi mwenye chusa akiwinda samaki aitwaye taa kwenye maji machache.

Bahari ile niliringa nayo. Picha 60 kwa sekunde, na kila picha inachorwa mara mbili, ya pili kichwa chini, ili mtumbwi upate sura yake majini. Mjomba akaitazama weee.

"Kule mbele nani kamwaga lami?"

Kweli, mbali kidogo maji yalikuwa meusi tii. Nikamdanganya kwamba ni kina.

Akashika kipanya, akarusha chusa. Akakosa. Akarusha tena, akakosa. Mara ya sita kibarakashia kikavuliwa.

"Huyu taa wako ana jini. Namlenga chini yake, simpati!"

"Sasa chini yake kwa nini, mjomba?"

Akaniangalia kama niliyeuliza nazi hukunwa kwa nini. "Samaki majini huonekana yuko juu kuliko alipo. Ukimchoma pale unapomwona, umechoma maji."

Nikapoa. Mwanga ukitoka hewani kuingia majini hupinda, na kwenye programu huandikwa 1 ya hewa gawanya kwa 1.33 ya maji, vipimo vya kupinda kwa mwanga, yaani 0.75. Mimi nilibandika 1.33 yenyewe. Kwa hiyo taa wangu alionekana chini kuliko alipo. Na kule mbali, mwanga unakoingia kwa mlalo, hesabu ilikosa jibu ikarudisha sifuri: ndiyo ile lami. Kanuni hii mwanahesabu Ibn Sahl wa Baghdad aliiandika tangu 984, mjomba anayo mkononi bila karatasi, mimi mwenye laptopu nimeipindua.

"Subiri mjomba, narekebisha tarakimu moja tu."

Nikainamia laptopu. Nikasikia "Bismillahi!", kisha kwaa!

Mkongojo ulikuwa umesimama katikati ya kioo cha shemeji. Na hata hapo, wallahi, alikuwa amelenga chini kidogo ya samaki.

Televisheni ikazimika yote, nyeusi kama ile lami. Mjomba akakaa, akavaa kibarakashia chake.

"Kafa huyo. Lete kikapu."