Kwatzi ikibanwa sana: inavunjika yenyewe au sisi ndo tunaivunja?

Kwatzi ni madini ya silikoni na oksijeni tu, kila silikoni imezungukwa na oksijeni 4 zinazounda kijipiramidi, na vijipiramidi hivyo vimeshikana kwenye ncha vikaacha nafasi nyingi katikati. Ukiibana, bondi zenyewe hazifupiki kiasi cha kusema, kinachopungua ni pembe pale vijipiramidi vinapokutana: kutoka digrii 144 hivi mpaka kama 134 ukifika gigapaskali 6, yaani karibu mara 60,000 ya presha ya hewa tunayovuta. Vinajizungusha, nafasi zinajaa.

Ukiongeza na moto hakuna ubishi, kwenye gigapaskali 2 hadi 3 inageuka koesaiti, yaani atomu zilezile kwa mpangilio mwingine, na ikipita kama 9 inakuwa stishovaiti, mpangilio mwingine tena: silikoni sasa ina oksijeni 6 na densiti imeruka kutoka gramu 2.65 mpaka 4.29 kwa sentimita ya ujazo.

Ubishi upo kwenye baridi. Mwaka 1988 mtafiti Hemley na wenzake walionyesha kwamba kwatzi ikibanwa kati ya almasi mbili kwa joto la kawaida la chumba, kwenye gigapaskali 25 hadi 35 inapoteza mpangilio wake na kuwa kama kioo, yaani atomu zimekaa ovyo, bila kuyeyuka! Wapo wanaosema hiyo ni tabia ya fuwele (kitu ambacho atomu zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia) yenyewe, na wana hoja nzito kwa sababu mahesabu yanaonyesha ikikaribia presha hizo inaishiwa nguvu ya kuhimili msukumo wa pembeni, na kule stishovaiti haifiki maana bila moto atomu haziwezi kujipanga upya.

Upande wa pili wanauliza, je mlibana sawasawa pande zote? Maana almasi zinakandamiza kwa juu na chini zaidi kuliko pembeni, labda mkandamizo huo usio sawa ndo unaoiharibu. Na kweli, mwaka 2001 watafiti wengine, Haines na wenzake, walibana kwa uangalifu wakapata fuwele mpya kabisa yenye silikoni za oksijeni 6, si kioo. Kwangu hii ni hoja kubwa sana. Halafu kuna kipimo cha 1992 ambacho watu wanakipita haraka mno: kile "kioo" kilichotolewa kwenye presha bado ugumu wake unatofautiana kufuata mwelekeo, na kioo cha dirishani hakina hiyo tabia.

Kwa hiyo mi naegemea upande wa pili, ila sio moja kwa moja. Kwamba kwatzi inafika mahali haiwezi kuvumilia tena, hilo ni la kwake, lakini inaangukia wapi baada ya hapo inategemea umeibanaje. Hili lina uzito nje ya maabara pia, maana kwatzi ya kwenye kreta za vimondo (mashimo yaliyochimbwa na vimondo vilipoanguka) kama Meteor Crater kule Arizona huwa inasomwa kwa namba za maabara ili kukadiria presha ya mgongano, na mgongano wa kimondo haubani sawasawa hata kidogo. Kwatzi iliyopigwa namna hiyo ukiiweka chini ya darubini unakuta mistari myembamba iliyonyooka, imepangana sambamba kufuata bapa za fuwele yenyewe.