Utoro wa Mvulana, Mimba ya Msichana: Nani Hasa Ameachana na Shule?

Mwaka 1969 mwanasosholojia wa Marekani, Travis Hirschi, alieleza kwamba kijana anayejali mwalimu wake anamwonaje hapotoki kwa urahisi. Uchambuzi wake, hata hivyo, ulihusu majibu ya wavulana peke yao. Katika shule zetu za Tanzania husemwa kwamba mvulana huondoka kwa kuwa hana mapenzi na shule, ilhali msichana huipenda ila hung'olewa na mimba, ndoa au kazi za nyumbani.

Wanaosema hivyo wana pa kuegemea, maana takwimu za serikali huutaja utoro kuwa sababu inayoongoza ya mdondoko, ikiipita mimba kwa mbali. Lakini neno hilo hufunika mengi. Mvulana huanza kwa kukosa siku ya gulio, anakobeba mizigo na kurudi na fedha mkononi. Kesho yake hupokelewa kwa fimbo mbele ya wenzake na kuambiwa amlete mzazi, ambaye naye yuko ziwani au machimboni, na baada ya hapo kila siku anayokosa huongeza aibu ya kurudi. Mapenzi yalikuwepo, na shule yenyewe imeshiriki kuyaua.

Kwa upande wa msichana, nimemwona aliyerejea baada ya kujifungua: saa nne asubuhi maziwa yalikuwa yamelowanisha shati lake jeupe, akakumbatia daftari kifuani hadi kengele ilipolia. Huyo haidai shule mapenzi zaidi. Anahitaji mahali pa kunyonyeshea. Hata hivyo, sikubaliani na wanaodhani kila msichana huondolewa na mambo ya nje tu, kwani wapo waliokwisha kuacha kuhudhuria miezi mingi kabla ya mimba, baada ya kufeli na kukaa nyuma ya darasa bila kuulizwa neno, na mimba ikaja kuandikwa kuwa sababu.

Kwa maoni yangu, tofauti haiko sana mioyoni mwao bali katika namna tunavyowafuatilia. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliruhusu kurejea kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, si ujauzito pekee. Lakini mjadala ukabaki kuwa wa wasichana, na mvulana wa gulioni hakuna aliyekwenda kumwambia kwamba mlango umefunguliwa kwa ajili yake pia.