Innsbruck: Wilten si mbali

Kila majira ya baridi yakikaribia, jamaa wanaotamani kuiona theluji huniuliza swali lilelile kuhusu Innsbruck, mji wa milimani huko Austria: tulale wapi? Kabla sijafungua mdomo wengi wameshajijibu. Altstadt, mji mkongwe, karibu na Paa la Dhahabu. Nikiwatajia Wilten, mtaa ulio upande wa kusini, wananiona kama ninawatupa porini. "Mbona mbali hivyo?" Neno hilo "mbali" ndilo lililonifanya niandike.

Altstadt ina haki yake na sitaificha. Paa lenyewe lilikamilika mwaka 1500, vigae zaidi ya 2,600 vya shaba vilivyopakwa dhahabu, na jua la asubuhi likilipiga huwezi kupita bila kusimama. Ukingoni mwa mji mkongwe kipo kituo cha treni ya kupanda Hungerburg, mtaa wa mlimani, ambayo stesheni zake zilibuniwa na msanifu majengo Zaha Hadid. Kutoka hapo, ukibadili mara mbili na kuingia vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, unafika Hafelekar, kituo cha juu kabisa, mita 2,256 juu ya usawa wa bahari, ndani ya nusu saa kama hakuna foleni. Mgeni wa usiku mmoja, au mzee ambaye magoti yamechoka, alale Altstadt. Sina ubishi naye.

Lakini tuupime huo umbali. Kutoka Paa la Dhahabu hadi Wiltener Platzl, kiwanja kidogo cha mikahawa ya Wilten, ni kama kilomita moja. Tambarare tupu: unashuka Maria-Theresien-Straße, unapita chini ya upinde uitwao Triumphpforte, unaingia Leopoldstraße, umefika. Dakika kumi na tano za mtu anayetazama madirisha ya maduka. Anayetembea Dar kutoka Posta kwenda Kariakoo hupita zaidi ya hapo, wala haiiti safari. Na ukichoka, tramu namba 1 ipo.

Kilomita hiyo nimeifikiria sana, kwa sababu historia inaisoma kinyume na wageni wetu. Warumi walikuwa na kituo chao hapa, Veldidena, na jina Wilten limetoka huko. Innsbruck ilianza baadaye sana, soko la darajani upande wa pili wa mto Inn. Mwaka 1180 watawala wa ukoo wa Andechs walipatana na monasteri ya Wilten ili wapewe ardhi ya ng'ambo ya kusini, na ndipo mji ulipovuka mto. Ina maana kwamba Altstadt, hiyo tunayoiita katikati, imekaa juu ya ardhi iliyokuwa ya Wilten. Wilten yenyewe iliingizwa rasmi katika mji mwaka 1904 tu. Halafu leo mtu anakuambia huko ni nje ya mji!

Nimelala kote kuwili. Mara ya kwanza nilikuwa na mama yangu mdogo, nikamchukulia chumba Altstadt nikidhani ndiyo heshima. Magurudumu ya sanduku yaligonga mawe ya barabara mpaka moja likang'oka. Nyumba haikuwa na lifti, ngazi zilikuwa nyembamba za kuzunguka, na dirisha liliangalia ukuta wa jirani. Tulikuwa katikati ya milima, na ukiwa chumbani huuoni hata mmoja. Safari ya pili tulikwenda Wilten. Asubuhi watoto walipita na mabegi ya shule, muuza mikate alimsalimia kila mteja kwa jina, na tukitoka mlangoni safu ya milima ya Nordkette ilikuwa imesimama mbele yetu, nyeupe, mwisho wa barabara. Chumba kilikuwa nafuu pia.

Lipo pingamizi moja zito, na si la umbali. Kodi za nyumba Innsbruck ni miongoni mwa za juu kabisa Austria, na mji una maelfu ya wanafunzi wa chuo kikuu wanaohangaika kupata vyumba. Mgeni anayekodi fleti ya siku tatu Wilten anaweza kuwa amekalia chumba cha mwanafunzi. Anayesema wageni wabaki Altstadt kwenye hoteli zao ana hoja, nami naikubali kwa kiasi hiki: ukienda Wilten, chukua hoteli au nyumba ya wageni, fleti za wakazi ziache. Na siku ya mashindano ya kuruka kwa ski pale kwenye kilima cha Bergisel, kusini mwa Wilten, mwanzoni mwa Januari, mtaa hufurika, usitarajie utulivu.

Igls, mtaa mwingine wa Innsbruck kule juu kwenye uwanda, ni pazuri kwa anayetaka msitu na ukimya, ila jioni utaishi kwa ratiba ya basi.

Nirudi kwenye ule upinde. Ulijengwa mwaka 1765 kwa harusi ya Leopold, mwana wa Maria Theresia, mtawala wa Austria. Sherehe zikiwa bado zinaendelea, baba yake bwana harusi, Franz Stephan, akafariki papo hapo Innsbruck. Kwa hiyo uso wa kusini una furaha ya arusi, na wa kaskazini una msiba. Anayetoka Altstadt hukutana kwanza na msiba. Sisi tulitokea Wilten. Mama mdogo alisimama chini ya uso wa arusi, akavua glavu, akaliwekea jiwe kiganja. "Baridi kama barafu, mwanangu," akasema, kisha akaniomba nimpige picha hapohapo, milima ikionekana nyuma yake.